Magoti ya Nang Bising Kwenye Turubai

Jumatano, tarehe 11 Oktoba 2017. Alfajiri mvua ilipiga mabati kwa fujo, kama mtu anayemwaga mchele kwenye sinia, kisha saa moja na nusu jua likatoka kana kwamba halikuwa na habari yoyote. Barabara ya sokoni ilikuwa ikifuka mvuke.

Visitacion Palmares alitoka nyumbani amebeba mwavuli ambao angeuhitaji saa moja kabla. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mjane, katibu wa parokia, na wote waliokuwa wadogo kwake walimwita Nang Bising, yaani dada mkubwa Bising. Wakubwa wake walikuwa wamebaki wachache. Wangetosha kwenye benchi moja la kanisa na bado ingebaki nafasi ya mikoba.

Asubuhi hiyo alikuwa na furaha ya mtoto siku ya sikukuu. Kwa wiki tatu njia ya katikati ya kanisa ilikuwa imezungushiwa kamba, fundi akibandika vigae vipya, na leo kamba ilikuwa inaondolewa. Njia hiyo alikuwa ameizoea kuliko ua wa nyumba yake. Kwa miaka kumi na miwili, kila Jumatano kabla ya ibada ya novena, Bising alipiga magoti kwenye mlango mkuu akatembea kwa magoti hayo hayo mpaka mbele ya picha ya Mama wa Msaada wa Daima, hatua sabini na nne, rozari mkononi. Alianza mwaka mumewe alipougua. Mumewe alipofariki hakuona sababu ya kuacha, kwa kuwa bado alikuwa na mengi ya kuzungumza.

Alipofika njia panda ya soko alisimama. Hapo mabango ya turubai hayakosi: pongezi kwa binti wa fulani aliyefaulu mtihani wa uuguzi, heri ya sikukuu kutoka kwa diwani, pongezi nyingine kwa kijana wa uhandisi. Mjini humo mtoto akifaulu bila kutundikiwa turubai, majirani huulizana kama kweli amefaulu. Lakini leo katikati ya wahitimu alikuwepo yeye mwenyewe, Visitacion, mrefu kuliko mlango wa nyumba yake, ameshika mshumaa, anatabasamu. Juu ya kichwa chake kuliandikwa kwa herufi nyekundu: MAGOTI YAMEPONA KWA SIKU TISA. Chini yake: Ushuhuda wa Nang Bising wa Parokia. Tumia Mafuta ya Pilar.

Picha aliijua. Ilipigwa miaka kumi na tisa iliyopita, siku aliposimama kuwa mama wa ubatizo wa binti wa Pilar Magbanua, muuza mafuta wa sokoni. Tangu siku hiyo yeye na Pilar waliitana Mare, kama wanavyoitana wanawake waliounganishwa na maji ya ubatizo. Mtoto mwenyewe alikuwa amekatwa kwenye picha. Kilibaki kidole chake kimoja, kimeng'ang'ania kola ya Bising.

Ukweli lazima usemwe. Wazo la kwanza lililompitia Bising ni kwamba, kumbe, alikuwa na shingo nzuri. La pili lilikuwa kumwomba Mama Maria msamaha kwa la kwanza.

Habari yenyewe ilianza kwa nia njema. Mwezi wa Septemba magoti yalikuwa yamemvimba, akapanda ngazi za ofisi ya parokia kinyumenyume. Pilar aliposikia, alikuja nyumbani kwake jioni tisa mfululizo na chupa ya mafuta yake ya nazi, tangawizi na mchaichai, akamkanda kwa mikono yake. Siku ya tisa maumivu yalikuwa yameisha. Bising akaandika barua ya shukrani. Kila Jumatano Padre Anselmo husoma barua hizo wakati wa novena, kwa kipaza sauti, na ya Bising ilisomwa pamoja na ya mama aliyepata viza na ya mzee aliyepata mbuzi wake. Siku mbili baadaye Pilar alipita akamuuliza kama anaweza kuwaonyesha watu ile barua. Bising alikuwa na wali motoni. Alisema onyesha tu, Mare. Alifikiri watu ni wale akina mama watatu wanaosimama kwenye meza ya Pilar kupiga soga.

Basi akaenda zake kanisani, akipokea pongezi njia nzima. Mlangoni alimkuta Diosdado Sumagaysay, mpiga kinanda, ambaye wote walimwita Nong Dado, yaani kaka mkubwa Dado, kwa heshima. Goti lake la kulia lilikuwa limefura kama dafu. Alhamisi ya wiki iliyofuata, tarehe 19, alikuwa na miadi ya kutolewa maji gotini katika hospitali ya mkoa, na Bising ndiye aliyempigia simu hospitali kumwombea nafasi. Nong Dado alimwonyesha mfuko wenye chupa tatu.

"Siendi tena, Nang," alisema kwa uchangamfu. "Sindano ya nini, na wewe umepona bila sindano?"

Bising alitabasamu, akaitikia kwa kichwa, kwa sababu kengele ilikuwa inalia. Kisha akapiga magoti. Vigae vipya vilikuwa vizuri sana, vyeupe, baridi, na vigumu. Hatua sabini na nne.

Jioni ya siku hiyo hiyo, saa kumi na moja na nusu, alikuwa darasani. Haya masomo ya jioni ya sheria na maadili ya matangazo aliyaomba mwenyewe. Ukurasa wa mwisho wa jarida la parokia hubeba matangazo ya maduka, na mwaka uliopita ulibeba tangazo la chai inayopunguza uzito hata kwa mtu aliyelala. Malalamiko yalikuja, mengi yakiwa ya watu waliolala. Padre Anselmo alisema anahitaji mtu anayejua kanuni, na Bising, ambaye aliacha shule akiwa na miaka kumi na tano, alinyoosha mkono kabla hajajijua. Kila somo alianza kwa ishara ya msalaba chini ya meza.

Mwanafunzi pekee aliyemzidi umri alikuwa Crispulo Tuvilla, polisi mstaafu wa usalama barabarani. Mkewe alimwandikisha baada ya kumwambia aende akatafute kitu kingine cha kukamata. Nong Crispulo aliliangalia kila tangazo kana kwamba ni dereva asiye na leseni.

Mwalimu wao, Wakili Gustilo, alikuwa amewaagiza kila mmoja alete tangazo la mjini na ataje makosa yake. Nong Crispulo aliomba aanze. Akaonyesha ukutani picha aliyoipiga asubuhi, na Bising akajiona tena, safari hii akifika mpaka darini. Aliinua daftari likamfunika mpaka kwenye miwani.

Nong Crispulo alisema kosa la kwanza ni mafuta kudai yanaponya bila kuonyesha namba ya kibali cha serikali. Kosa la pili, hakuna dalili kwamba mwenye ushuhuda alikubali kwa maandishi. Kisha akashusha sauti.

"Kosa la tatu, Wakili, huyu mwanamke hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Ametengenezwa na kompyuta. Mtu wa umri huo mwenye ngozi hiyo mimi sijamwona, na nimesimamisha magari miaka thelathini. Halafu angalia kwenye kola. Mikono yake yote miwili imeshika mshumaa. Kidole hiki cha nani?"

Darasa lote liliinama mbele kutazama kidole. Hakuna aliyegeuka kumtazama Bising, aliyekuwa viti viwili kutoka kwa Nong Crispulo na mwenye makunyanzi yake yote.

Wakili Gustilo alisema kidole kinahitaji uchunguzi, lakini akawataka wasisahau maswali matatu ya kila ushuhuda. Je, mtu huyu yupo? Je, amekubali? Je, anachosema ndicho kilichotokea? Akaongeza kwamba swali la tatu ndilo linalowapita wengi, kwa sababu mtu mkweli kabisa anaweza kutoa ushuhuda wa uongo kama hajui ni nini hasa kilichomponya. Bising aliandika maneno hayo akayapigia mstari. Mkono hakuunyoosha. Alijiambia kwamba hajatenda kosa, kwamba alipona kweli, na kwamba Mare Pilar alikuwa na nia njema. Alijiambia hivyo mpaka nyumbani.

Asubuhi ya Alhamisi magoti hayakukunjika.

Alikaa ukingoni mwa kitanda akayatazama. Yalikuwa yamevimba vilevile kama Septemba. Akachukua kalenda ya parokia, akaweka kidole kwenye siku Pilar alipoanza kumkanda: Jumatano, tarehe 20 Septemba. Kwenye mraba huo huo, kwa mwandiko wake mwenyewe wa katibu, palikuwa pameandikwa: fundi anaanza vigae, njia imefungwa. Akahesabu kwa punje za rozari, akahesabu tena. Wiki tatu hakutembea kwa magoti, na ndani ya wiki hizo magoti yakampa amani. Jana ametembea hatua sabini na nne, na leo haya hapa.

Aliyemponya alikuwa fundi wa vigae.

Alicheka peke yake, ila kicheko chenyewe hakikumkaa vizuri, kwa sababu kabla hakijaisha alikuwa ameshamkumbuka Nong Dado na zile chupa tatu. Akamwambia Mama Maria kwamba anaomba radhi, shukrani ilikuwa ya kweli ila ilikosea anwani, na kwamba ni juu yake sasa kuifuata ilikokwenda.

Alichechemea mpaka kwa Nong Dado. Alimweleza yote: kamba, vigae, kalenda. Akamwonyesha magoti kwa mbali, kwa heshima. Nong Dado alimsikiliza huku amenyoosha mguu juu ya kiti, chumba kizima kinanuka mchaichai, akasema kwamba hivyo ndivyo watu wa sala walivyo, hawataki sifa. Bising akasema si sifa, ni goti.

"Nang, turubai la futi kumi lidanganye?"

"Mwenye turubai ni mimi, Nong. Nipo hapa mbele yako."

"Wewe ni mtu mmoja," alisema Nong Dado kwa upole. "Lile limesomwa na mji mzima."

Hakubadili nia. Hospitali haendi. Alisema akimaliza chupa ya tatu ndipo atafikiria.

Bising alitoka hapo akaenda moja kwa moja sokoni. Pilar alikuwa nyuma ya meza yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita meli, na mbele yake foleni ya watu tisa. Alipomwona Bising alimwita ajionyeshe kwa wateja. Bising alikataa, akasubiri foleni iishe, na ilipoisha akasema alichokuja kusema. Pilar alipangusa chupa moja kwa muda mrefu.

"Ulisema umepona, au hukusema?"

"Nilimwambia Mama Maria, Mare. Sikuiambia njia panda."

"Padre alisoma kwa kipaza sauti. Ulitaka nizibe masikio?"

"Na hiyo picha? Nina miaka arobaini na miwili pale."

"Nimekupunguzia miaka kumi na tisa bure, na bado unanung'unika."

Jirani wa meza ya dagaa alicheka, na hilo ndilo lililoharibu mambo, kwa sababu Pilar alianza kuzungumza kwa ajili ya jirani. Alisema mafuta haya aliyapika mama yake, na bibi yake kabla ya mama yake. Alisema kwa mara ya kwanza tangu azaliwe ameona watu wakipanga foleni kumngoja yeye, na sasa Mare wake, mama wa ubatizo wa mwanawe, amekwenda shule ya jioni akarudi kumkagua. Bising alimwambia kuhusu Nong Dado na tarehe 19. Pilar akajibu kwamba Nong Dado ni mtu mzima, na kwamba turubai halishuki. Alitamka "Mare" mwishoni kama mtu anayefunga mlango.

Darasa la Ijumaa lilipoanza, Bising alifanya ishara ya msalaba juu ya meza, mbele ya wote, na akasimama.

"Mwanamke wa turubai yupo," alisema. "Ni mimi."

Nong Crispulo alimtazama, akatazama picha yake, akamtazama tena.

"Na kidole?"

"Cha mtoto wangu wa ubatizo. Siku hizi yuko chuo kikuu."

Nong Crispulo alichukua rula, akalifuta kosa la tatu kwa mstari mmoja ulionyooka, akamwomba radhi kwa kusema kwamba hayupo. Kisha akasema makosa mawili yaliyobaki yanatosha, na kwamba Jumatatu atapeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya dawa. Bising alimsihi angoje mpaka Jumatano mchana. Nong Crispulo alifikiria kama mtu anayeombwa asiandike faini, akakubali.

Bising akamuuliza Wakili Gustilo jambo lililokuwa linamkosesha usingizi: amemweleza mtu ukweli ana kwa ana, na mtu akaamini turubai. Afanyeje? Wakili hakucheka. Alisema kanuni ni rahisi ingawa wafanyabiashara hawaipendi: sahihisho lipite njia ile ile kosa lilikopita, kwa ukubwa ule ule na kwa sauti ile ile. Kilichotangazwa kwa herufi nyekundu hakisahihishwi kwa kunong'ona barazani.

Bising aliandika barua yake usiku huo na kuifuta mara nyingi. Ugumu haukuwa kusema mafuta hayaponyi. Ugumu ulikuwa kusema kweli yote, na kweli yote ilikuwa na Pilar ndani yake.

Jumatano, tarehe 18, kanisa lilijaa. Pilar alikaa benchi la tatu na hakugeuza shingo. Nong Dado alikuwa kwenye kinanda, mguu umenyooshwa pembeni kama mbao iliyosahauliwa na fundi. Mlangoni alisimama Nong Crispulo, ambaye si mtu wa novena, na daftari lake. Padre Anselmo alisoma barua ya mwanafunzi aliyefaulu, akasoma ya mama aliyepata mjukuu, kisha akafungua ya Bising, akakohoa kidogo.

"Mama mpenzi," alisoma, na kipaza sauti kikapeleka maneno mpaka sokoni. "Wiki mbili zilizopita nilikushukuru kwa magoti yangu nikataja mafuta. Nilikosea. Kilichoniponya ni kutotembea kwa magoti wiki tatu, kwa sababu Padre alikuwa anabandikisha vigae. Jumatano iliyopita nilitembea tena, na sasa yamevimba kama mwanzo. Kwa hiyo nakushukuru kwa ajili ya fundi wa vigae, ambaye jina lake nimeliuliza, anaitwa Rogaciano."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama maji. Rogaciano, ambaye alikuja kudai sifa za sakafu yake tu, aliinamisha kichwa. Kinanda kilitoa sauti moja nene ambayo haikuwa kwenye wimbo wowote. Padre alisubiri, akaendelea.

"Mtu mwenye goti bovu asiniangalie mimi wala picha yangu. Aende hospitali. Na bado nakushukuru kwa ajili ya Mare wangu Pilar. Mafuta yake yananukia vizuri na yanapasha joto, na nililala usingizi mzuri jioni zote tisa. Alikuja kwa miguu kutoka sokoni baada ya kusimama kutwa nzima, akapiga magoti yake mbele ya magoti yangu, na hakuniomba kitu. Hilo ndilo lililopaswa kuandikwa kwenye turubai."

Benchi la tatu, Pilar alitoa leso akajifanya anafuta jasho, ingawa feni ilikuwa juu yake.

Baada ya novena watu hawakuondoka. Walisimama kwenye ngazi wakisubiri, kila mmoja akijifanya anatafuta mwavuli. Pilar alitoka wa mwisho. Akamkuta Bising ameegemea nguzo, kwa kuwa magoti bado yalimuuma ingawa leo hakuyatembelea. Walitazamana.

"Umeniaibisha mbele ya Mama Maria," alisema Pilar.

"Alikuwa anajua tayari, Mare."

Pilar alikunja leso yake. Kisha mdomo ukaanza kumcheza pembeni, akajitahidi kuuzuia, ukamshinda. Alisema bora hata angemwonya kuhusu Rogaciano. Amekaa wiki nzima anapika mafuta wakati angeweza kuuza vigae. Watu wakacheka, na safari hii Pilar alicheka nao. Nong Dado alikuwa amefika mlangoni kwa kushika ukuta. Alimwonyesha Bising karatasi ya miadi ya kesho, ambayo kumbe hakuitupa, alikuwa ameitumia kuzuia mfuniko wa kinanda usigonge.

Nong Crispulo alisogea, akatoa kofia, na kwa sauti ya kazi akauliza kama mwenye turubai ana lolote la kusema kabla hajafungua daftari.

Pilar alimtazama yeye, akamtazama Padre Anselmo aliyesimama juu ya ngazi, akawatazama wote waliokuwa hawaoni miavuli yao. Akapanda ngazi moja, akaweka mkono kifuani, akazungumza kwa ile sauti ya kuita meli.

"Mimi Pilar Magbanua nasema mbele ya Padre, mbele ya polisi na mbele ya Mare wangu. Turubai linashuka leo kabla ya saa sita. Kesho pale pale nitatundika lingine, refu vilevile, herufi nyekundu vilevile, limeandikwa: Mafuta haya yanapasha joto tu, goti likivimba nenda hospitali. Uso wa mtu sitauweka tena mpaka asome na atie saini, hata akiwa na wali motoni. Na Nong Dado, kesho saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwako kukupeleka kwenye sindano, na mkono nitakushika mimi."